Usiku ninakula mpaka tumbo linauma: je, mazungumzo yatanisaidia?

Shikamoo, Mama Mshauri.

Mimi ni mwanamke wa miaka 39, mke na mama wa watoto watatu, na ninafanya kazi ya uhasibu katika ofisi moja hapa Tanga. Ninakuandikia jambo ambalo sijawahi kulieleza lote kwa mtu yeyote, hata kwa mume wangu ambaye tumeishi pamoja miaka 14.

Mchana ninakula kama watu wengine, na mara nyingi pungufu yao, kwa sababu tangu nilipoanza kunenepa nimekuwa nikijinyima: asubuhi chai ya rangi isiyo na sukari, mchana yai na tango, na jioni, mbele ya familia, vijiko vichache vya wali huku nikisema nimeshiba. Wote wakishalala, kwenye saa tano usiku hivi, ninaamka taratibu, ninaingia jikoni bila kuwasha taa, na hapo ndipo ninapokula. Nina kitambaa ninachokiweka chini ya mfuniko wa sufuria ili usilie. Ninakula nikiwa nimesimama, kwa haraka: wali uliobaki, chapati za asubuhi, maharage ya nazi ya baridi, na vikiisha ninahamia kwenye kopo la maziwa ya unga ya watoto, nikila kwa kijiko. Sina njaa wakati huo. Ninakula mpaka tumbo linauma na pumzi inakuwa fupi, kisha ninaosha sufuria, ninaipangusa, ninairudisha mahali pake, na ninalala nikilia. Hali hii hunipata siku tatu au nne kwa wiki.

Ilianza baada ya mama yangu kufariki dunia, miaka miwili na nusu iliyopita. Nilimuuguza mimi kwa miezi minane huko Muheza, na siku ya mazishi mimi ndiye niliyekuwa nikihesabu masufuria ya pilau na kugawa sahani, kwa hiyo sikupata nafasi ya kulia. Tangu hapo kaka zangu wanavutana juu ya nyumba ya marehemu, na kila mmoja hunipigia simu mimi. Wakati ule nilikuwa na kilo 74. Leo nina kilo 96, na urefu wangu ni sentimita 158. Presha imeanza kupanda. Nimekunywa chai za kupunguza tumbo nilizouziwa mtandaoni, nimeacha wanga kwa wiki sita, nimelipia mazoezi ya miezi mitatu nikaenda mwezi mmoja, na kila nikipungua kilo nne ninarudisha sita. Ramadhani iliyopita ilikuwa mbaya zaidi, kwani mchana nilifunga vizuri, lakini kuanzia futari mpaka daku sikuweza kujizuia.

Mwezi uliopita daktari aliyenipima presha aliniuliza ninavyokula, nikamweleza nusu ya ukweli. Akanishauri nikaonane na mtaalamu wa saikolojia kwa ajili ya tiba ya mazungumzo. Nilimshukuru, lakini moyoni nilifedheheka. Je, mimi ni mgonjwa wa akili? Na maneno yatapunguzaje kilo? Dada yangu, niliyemdokezea kidogo tu, ameniambia niache uroho na nizidishe swala.

Kuna jambo jingine dogo. Mume wangu aligundua kuwa chakula hupungua usiku, akamshuku binti anayetusaidia kazi za nyumbani, akamfokea na kumkata shilingi 15,000 katika mshahara wake. Mimi nilikuwepo, na nilinyamaza.

Ninaomba ushauri wako.

Mama wa watoto watatu, Tanga

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mama. Ninaanza na pole hiyo kwa sababu barua yako inapita haraka juu ya msiba wake kisha inarudi kwenye kilo, nami nitakuomba baadaye turudi Muheza na tukae huko kidogo.

Hujarukwa na akili, na daktari wako hakukutukana. Unachokieleza kinafahamika kwa madaktari: ni ulaji wa kupindukia, ambao Albert Stunkard, daktari wa Marekani, aliueleza kitaalamu tangu mwaka 1959, na ambao mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Afya ya Akili cha Marekani kiliuorodhesha kuwa maradhi yanayojitegemea. Shirika la Afya Duniani nalo limeuweka katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022. Dalili zake ni kula chakula kingi sana kwa muda mfupi huku mtu akihisi hawezi kujizuia, kula kwa haraka kuliko kawaida, kula bila njaa, kula mpaka tumbo liume, kula kwa kujificha kwa sababu ya aibu, na kujichukia baadaye. Na kipimo kinachotumika mara nyingi ni mambo hayo kutokea angalau mara moja kwa wiki kwa muda wa miezi mitatu. Wewe umeyaandika karibu yote bila kuambiwa. Hata hivyo, barua haitoshi kutamka ugonjwa, na mwenye haki ya kukuthibitishia ni mtaalamu atakayekaa nawe uso kwa uso.

Dada yako ninaamini anakupenda, lakini katika hili amekosea. Mroho hukifurahia anachokula, tena hukila mchana kweupe mbele za watu. Wewe unakula gizani, umesimama, chakula cha baridi ambacho sidhani kama ladha yake unaisikia, na mwisho wake ni machozi. Endelea kuswali, kwani swala imekushika katika kipindi kigumu na hakuna mtaalamu mwadilifu atakayekutaka uipunguze. Ila usiifanye kuwa adhabu ya kosa ambalo si la uroho.

Kabla sijafika kwenye mazungumzo yenyewe, tazama kwanza yai na tango. Kati ya mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 waliojitolea, kwa karibu nusu ya mlo wao wa kawaida, kwa muda wa miezi sita, mpaka wakapoteza takriban robo ya uzito wao. Hawa walikuwa vijana wenye afya njema ya mwili na akili, waliochaguliwa kwa sababu hiyo hasa. Katika muda huo walianza kuwaza chakula usiku na mchana, na waliporuhusiwa kula tena, baadhi yao walikula mpaka wakaugua, huku wakisema bado wana njaa. Kwa hiyo ule mchana wako wa kujinyima, unaoudhani kuwa ni dawa, ni sehemu ya ugonjwa wenyewe: unauandaa usiku. Hizo chai nazo ziache leo. Nyingi hutengenezwa kwa majani ya sena, ambayo huharisha tu na kuupotezea mwili maji na chumvi pasipo kugusa mafuta, na baadhi ya bidhaa za kupunguza uzito zinazouzwa kienyeji zimewahi kukutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara yake kwa moyo. Mtu ambaye presha yake imeanza kupanda hana sababu ya kuibahatisha.

Sasa unauliza maneno yatapunguzaje kilo. Nitakueleza yanavyofanya kazi, halafu nitakuambia ukweli kuhusu kilo zenyewe.

Aina iliyochunguzwa zaidi kwa tatizo lako ni tiba ya fikra na tabia, ambayo msingi wake uliwekwa na daktari Aaron Beck huko Philadelphia katika miaka ya 1960, kisha Christopher Fairburn wa Oxford akaitengeneza mahususi kwa watu wenye matatizo ya ulaji. Kwa kawaida huchukua vikao kama 20, kimoja kwa wiki, kila kimoja chini ya saa moja. Hutalazwa kwenye kochi na kuachwa uongee ovyo. Kikao cha kwanza utaulizwa historia yako, na utaondoka na kazi ya nyumbani ambayo wengi huiona kuwa nyepesi mno mpaka wanapoijaribu: kuandika kila unachokula, papo hapo unapokila, pamoja na mahali, saa, na kilichotangulia. Ukurasa wako unaweza kusomeka hivi:

"Jumanne, saa 5:10 usiku, jikoni, nimesimama. Chapati 3, maharage vikombe 2, maziwa ya unga vijiko 5. Mchana nilikula yai 1 na tango. Saa 3 usiku kaka alipiga simu kuhusu nyumba, nikamwambia sawa, nikakata. Nilihisi: sijui."

Mtaalamu atausoma ukurasa huo pamoja nawe, na huenda asiulize lolote kuhusu chapati. Atauliza kuhusu lile neno "sawa" ulilomwambia kaka yako, kama kweli mambo yalikuwa sawa, na kama hayakuwa, ungependa kusema nini ukiwa na uhakika kwamba hakuna atakayekasirika. Halafu atarudi kwenye neno "sijui". Nimekaa na kina mama wengi katika kazi hii ya ushauri, na ninaweza kukuambia kwamba nyuma ya "sijui" ya namna hiyo mara nyingi kuna hasira ambayo mtu amefundishwa tangu utotoni kuwa mwanamke mwema hana, na chakula kimekuwa njia ya kuimeza kabla haijafika mdomoni.

Pamoja na kuandika, utatakiwa kula kwa mpangilio: milo mitatu na vitafunio viwili, bila kupitisha zaidi ya saa tatu au nne mchana pasipo kutia kitu tumboni. Utaogopa. Utaona kama unaambiwa unenepe zaidi. Lakini mtu aliyekunywa uji na kula kiazi kitamu asubuhi, akala wali na samaki na mchicha mchana, haingii usiku akiwa na mwili unaodai deni. Utajifunza pia kuitambua ile sauti isemayo "nimeshaharibu siku kwa andazi hili, basi nimalize yote leo, nitaanza kesho", na kuijibu kama unavyoweza kumjibu mtu. Na utajifunza kwamba hamu ya kula hujaa na kupwa kama maji ya bahari yenu hapo Tanga: ikikupanda usiku, ukiweza kutoka jikoni na kufanya jambo jingine kwa dakika 20 au 30, mara nyingi huanza kushuka yenyewe, hata kama ulipokuwa katikati yake ulidhani haitakwisha.

Sasa turudi Muheza. Ipo tiba nyingine ya mazungumzo, iliyoanzishwa na Gerald Klerman na Myrna Weissman nchini Marekani, ambayo haishughulikii chakula moja kwa moja kabisa, bali inashughulikia uhusiano wako na watu: msiba, mvutano na mtu wa karibu, mabadiliko makubwa ya nafasi yako katika maisha, na upweke. Imejaribiwa kwa watu wenye ulaji wa kupindukia na kuwasaidia. Unapoisoma orodha hiyo, mwanangu, jiulize ni lipi kati ya hayo halimo katika barua yako. Ulimuuguza mama miezi minane, akafariki, na siku ambayo ungepaswa kukalishwa mkekani na kushikwa mabega ulikuwa umesimama jikoni ukihesabu masufuria. Sisemi kwamba hiyo ndiyo sababu, kwani siwezi kujua kutoka huku niliko. Ninasema tu kwamba ningekuwa mimi ndiye ninayekaa nawe, ningetaka kuisikia siku ile yote, tangu alfajiri mpaka wageni wa mwisho walipoondoka, na ningetaka kujua ni nani aliyekupelekea wewe sahani. Kilio ambacho hakikupata nafasi siku ile bado kinastahili kupewa nafasi, hata baada ya miaka miwili na nusu.

Unaweza kudhani haya ni mambo ya Wazungu. Mwaka 2002 tiba hii hii ya mahusiano ilijaribiwa katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, kwa watu wenye sonona, katika eneo lililokuwa limeumizwa sana na UKIMWI. Walikaa katika vikundi, wanawake peke yao na wanaume peke yao, mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na watu wa kwao waliopewa mafunzo mafupi, na waliohudhuria walipata nafuu kubwa kuliko wale ambao hawakupata tiba hiyo. Hapo walitibiwa huzuni, ulaji haukuwa lengo, lakini inaonyesha kwamba mwanamke wa kijijini Afrika Mashariki anaweza kukaa, akasema, akasikilizwa, na akapona. Na kwetu pwani jambo hili lina ndugu yake wa zamani: mwari hukalishwa na somo wake, na hata mke aliyeolewa miaka mingi humrudia somo anapolemewa. Tofauti ni kwamba somo hufundisha zaidi ya anavyouliza na anaijua familia yako yote, ilhali mtaalamu anauliza zaidi ya anavyofundisha, hawajui kaka zako, na taaluma yake inamfunga kutunza siri.

Kuhusu kilo, nitasema wazi kwa sababu nimeona watu wakikata tamaa walipoahidiwa visivyokuwepo. Takriban nusu ya wanaopata tiba ya fikra na tabia kwa ulaji wa kupindukia huacha kabisa kula kwa namna hiyo, na wengine wengi hupungukiwa na matukio. Lakini uzito wenyewe mara nyingi hushuka kidogo tu, au husimama ulipo. Usilichukulie hilo kuwa ni kushindwa. Umepanda kilo 22 katika miaka miwili na nusu, kwa hiyo kusimama tu ni badiliko kubwa, tena kupunguza uzito kwa mtu ambaye bado anajificha jikoni ni sawa na kuchota maji kwa ungo. Kwa kilo 96 na urefu wa sentimita 158, uwiano wako wa uzito na urefu ni zaidi ya 38, na kuanzia 30 ndipo unene unapohesabiwa kuwa wa kupindukia, kwa hiyo sitakudanganya kwamba mwili hauhitaji msaada wake. Rudi kwa daktari yule yule, mweleze ile nusu iliyobaki, na umwombe akupime sukari, mafuta ya damu na tezi ya shingo, aendelee pia kufuatilia presha. Ulaji ukishatulia, kupungua hata asilimia 5, yaani kama kilo tano kwako, kunatosha kuanza kusaidia presha na sukari. Jipime mara moja kwa wiki, si kila asubuhi.

Kumpata mtaalamu, anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, kitengo cha afya ya akili. Wataalamu ni wachache na wengi wako Dar es Salaam, ndiyo maana baadhi yao hutoa vikao kwa simu, na hilo linakubalika ukiwa na chumba cha faragha. Muulize bila haya kama amewahi kumhudumia mtu mwenye tatizo la ulaji, vikao vitakuwa vingapi, na kama atakupa kazi za nyumbani; na akikuandikia dawa tu bila kukusikiliza, una haki ya kuuliza mazungumzo yataanza lini. Ukianza kujitapisha au kutumia dawa za kuharisha ili kufidia ulichokula, au likikujia wazo la kutotaka kuishi, usisubiri miadi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na kabla ya Ramadhani ijayo zungumza na daktari pamoja na sheikh unayemwamini, kwa kuwa Qur'ani imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na huenda mwaka huu wewe ukawa miongoni mwao.

Limebaki lile ulilolitaja mwishoni ukaliita dogo. Sikuandikii kukulaumu, kwani ninajua aibu hufunga mdomo wa mtu mwema, lakini yule binti alifokewa kwa wizi ambao hakuufanya, na anaendelea kulala katika nyumba inayomdhania mwizi. Hilo halihitaji kusubiri kikao cha kwanza, na wala halikulazimu umweleze mume wako kila kitu kwa usiku mmoja. Inatosha umwambie hivi: "Baba watoto, chakula kinachopungua usiku ninakila mimi. Ni ugonjwa, daktari ameniambia nikatibiwe, na nitakueleza zaidi nikiweza. Binti hakuchukua kitu, na mimi nilijua nikanyamaza." Kisha muite binti, umwombe radhi kwa jina lake, na umrudishie shilingi 15,000 zake mkononi, mume wako akiwepo, kwa kuwa yeye ndiye aliyemfokea.